Gari la mtumba likifa injini kwa kasoro ya kiwandani, nani alipe: mtengenezaji, yadi au mwenye gari?

Mleta mada

Tujadili hili bila matusi. Gari limetoka Japani, limekaguliwa kule, limelipiwa ushuru Mombasa, limesajiliwa, limeuzwa Ngong Road. Miezi inapita, injini inakufa. Kumbe kasoro hiyo ilitangazwa na kiwanda kabla hata meli haijang'oa nanga. Gharama ni ya nani?

Kwa wasiofuatilia mambo haya: rikoli ni pale mtengenezaji anapokiri kwamba magari yake ya kipindi fulani yalitoka na kasoro, akayaita yarekebishwe bila malipo. Orodha hufuata namba ya chasi. Haiulizi wewe ni mnunuzi wa mkono wa ngapi.

Kilichonifanya nianzishe mada ni gari la binamu yangu. Aina yake sitaji, yadi sitaji. Lilimzimikia Thika Road karibu na Roysambu, leni ya kati, saa ya watu kutoka kazini, matatu zinampita kushoto na kulia huku makanga wakimfokea. Fundi akasema injini kwisha. Akanunua nyingine ya ex-Japan, yaani injini iliyotumika iliyotoka Japani, ikafungwa. Ndipo kijana mmoja pale gereji akaingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, simu ikimtafsiria, na jibu likatokea: kuna rikoli ya injini na kazi haijafanywa. Kwa ajenti wa hapa, yaani muuzaji rasmi wa magari mapya ya mtengenezaji huyo, akaambiwa hilo hatukuuza sisi. Kwa yadi akaonyeshwa maandishi madogo chini ya risiti, kwamba gari likitoka getini matatizo yake yametoka nalo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Rikoli iangaliwe Japani, siku ileile gari linapokaguliwa kwa ajili ya KEBS, shirika letu la viwango. Chasi ikionyesha rikoli ya usalama ambayo haijashughulikiwa, gari lisipande meli. Kule kazi ni bure, mafundi wamefundishwa, vipuri viko rafuni. Likishashuka Kilindini kila mtu ana mlango wa kutokea.

Spana_14

Mkubwa, unaongea vizuri lakini hujalala chini ya gari. Nikupe mfano ambao sisi wa gereji tunaujua. Novemba 2018 Subaru walitangaza rikoli ya springi za valvu: Impreza, Forester, XV, BRZ na pacha wake Toyota 86, za 2012 na 2013, karibu magari 400,000 duniani. Springi ikikatika, injini inapiga kelele ama inazima ukiwa mwendoni.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Injini ya boksa silinda zake zimelala ubavuni. Ili ufikie zile springi inabidi injini yote ishuke. Unafungua kava la mbele, unatoa cheni, unavua kemshafti, unabadilisha springi moja moja, kisha unarudishia kila kitu na kukifunga kwa gundi ya silikoni. Hapo kwenye gundi ndipo pana balaa. Kule Marekani wako wenye BRZ na 86 waliorudishiwa magari "yaliyotengenezwa", na injini zikanoki, yaani zikagonga na kufa, baada ya muda mfupi. Gundi iliyozidi ilimeguka ndani ikaziba njia za oili. Na hizo ni karakana rasmi, zenye vifaa na maelekezo ya kiwanda.

Kwa hiyo mteja akiniletea gari lenye kilomita laki na nusu, injini imetulia kama maji ya mtungi, aniambie nishushe injini kwa sababu tovuti imesema, namwambia aende nyumbani. Rikoli si dawa kila mara.

Mleta mada

Spana, hapo nakuelewa kuhusu ufundi, lakini ona ulichofanya: umemwamulia mwenye gari. Wewe unajua hatari, yeye hajui. Springi haitoi taarifa kabla ya kukatika. Mtu akitaka kuishi na hatari hiyo baada ya kuelezwa, sawa, ni gari lake. Ninachokataa ni abiria wa kiti cha nyuma kuishi nayo bila hata dereva kuambiwa.

Yadi_ya_Ngong_Rd

Naona tunasemwa, basi niseme na mimi. Sisi tunanunua kwenye mnada wa Japani kwa karatasi. Karatasi inaeleza gredi, kilomita, mikwaruzo, kutu, kama liliwahi kugongwa. Rikoli haimo. Mkaguzi wa KEBS naye anaangalia breki, taa, stelingi, chasi, kilomita. Gari limepita, mimi nitajuaje?

Halafu mnasahau jambo moja kubwa. Hesabu miaka. Sheria ya Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka 8. Impreza ya 2012 ingeweza kuletwa 2014, 2016 ama 2017. Rikoli aliyoitaja Spana ilitangazwa Novemba 2018. Gari tayari liko Nairobi linapeleka watoto shule! Ukaguzi wa Japani ungeona nini? Ungeona gari safi. Nililiuza safi. Leo unataka nilipie kasoro ambayo kiwanda chenyewe kilikuwa hakijaitangaza?

Na tusidanganyane, bei ndiyo inayoongea hapa. Nikiongeza gharama ya kila ukaguzi, mteja anavuka barabara kwenda kwa broka asiye hata na ofisi.

Dereva_wa_Usiku

Mimi naendesha teksi ya mtandaoni. Gari ni la mkopo. Nikiliegesha wiki moja lirekebishwe, benki hainielewi. Endeleeni kubishana, mimi naomba tu mtu aniambie namba hiyo ya chasi inaangaliwa wapi.

Mleta mada

Dereva, nakujibu sasa hivi. Mwenye yadi kwanza.

Hoja yako ya miaka ina uzito, na ni kweli ukaguzi wa Japani hauwezi kunasa rikoli ambayo haijatangazwa. Lakini inagawa tatizo mara mbili, hailifuti. Kuna magari yaliyopanda meli rikoli ikiwa tayari imetoka. Hayo hayana kisingizio. Wakaguzi wale wanapima hata mionzi, jambo lililoingia baada ya ajali ya Fukushima ya 2011. Anayeweza kuzungusha kipima mionzi kwenye gari zima anashindwaje kuandika namba moja kwenye kompyuta? Japani wenyewe waliona hili linawezekana: mifuko ya hewa ya Takata ilipoonekana inalipuka na kurusha vipande vya chuma, kuanzia 2018 serikali yao ilianza kukatalia ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko ya hatari ambayo hayajarekebishwa. Hakuna ukaguzi, hakuna barabara.

Yale yaliyofika hapa kabla ya rikoli ndiyo kazi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari. Wana namba ya chasi ya kila gari lililosajiliwa na wana simu ya mwenyewe. Leseni ikikaribia kuisha tunajua mfumo upo. Orodha ya chasi ikitoka Japani, mfumo uilinganishe na rejista, mwenye gari apate ujumbe.

Dereva, namba ya chasi iko kwenye logibuku na kwenye kibati chini ya boneti. Kwa gari la soko la Japani huwa ni herufi chache, kistari, kisha tarakimu. Nenda tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji wako, sehemu ya rikoli, iandike yote. Usihangaike na tovuti ya serikali ya Marekani ambayo watu husambaziana WhatsApp. Ile inataka namba ya herufi na tarakimu 17, na magari yetu mengi hayana. Wengi wanaandika pale, wanakosa matokeo, wanafikiri gari liko salama.

Wakili_wa_Mtaa

Kwenye risiti ya yadi hapo juu mnatishwa bure. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo, na haki zake hazifutwi kwa maandishi madogo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo ni ya zamani kuliko yadi zote za Ngong Road. Kama dai halizidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inaweza kulisikiliza, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili, ingawa mimi kusema hivyo najinyima ugali.

Tabu ni ushahidi. Utathibitishaje kwamba injini ilikufa kwa kasoro ile ya rikoli, si kwa sababu ulisahau kubadilisha oili? Injini ya zamani ikishauzwa kama chuma chakavu, umeuza na kesi. Piga picha kila kitu kinapofunguliwa, mwombe fundi aandike alichokiona, na ile mbovu usiiache gereji.

Kamene_Donholm

Hakuna aliyegusa ile injini ya ex-Japan. Binamu wa mleta mada aling'oa injini ya rikoli akaweka injini gani? Imetoka kwenye gari lililokatwa Japani, na rikoli inafuata chasi, na chasi ile imeshakuwa vyuma chakavu. Yaani unaweza kununua kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road injini yenye kasoro ileile, ya mwaka uleule, na hakuna tovuti duniani itakayokuambia. Binamu labda amelipia ugonjwa uleule mara ya pili.

Spana_14

Kamene umenishika pabaya. Ni kweli. Sisi tunauliza kama ina kompresheni, tunaangalia oili kwenye kifuniko, tunaiwasha ikiwa chini. Mwaka wa kutengenezwa tunakisia tu.

Ajenti_Sio_Adui

Niliwahi kufanya kazi upande wa huduma kwa ajenti mmoja. Watu hudhani ajenti anakataa kwa roho mbaya. Ajenti ni biashara yenye mkataba. Kazi ya rikoli hulipwa na mtengenezaji, gari kwa gari, kwa idhini. Chasi isipokuwa kwenye orodha ya soko lake, akishusha injini ni hasara yake, na springi zenyewe hana. Mkitaka abebe, mbaneni mtengenezaji ampe idhini.

Na msifikiri watengenezaji hukimbilia kulipa hata kwenye nchi zenye meno. Hyundai na Kia walikuwa na injini za Theta II: mabaki ya chuma kutoka kwenye uchongaji wa krankshafti yaliziba njia za oili, beringi za konrodi zikaungua. Rikoli ya kwanza Marekani ni ya 2015. Mhandisi wa Hyundai kule Korea Kusini ndiye aliyepeleka siri kwa wasimamizi wa Marekani 2016, akafukuzwa kazi. 2020 kampuni hizo zikakubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210 kwa kuchelewa kuita magari, na 2021 mhandisi akatuzwa zaidi ya dola milioni 24. Hapa kwetu mhandisi kama huyo angepeleka faili lake ofisi gani?

Mleta mada

Swali zuri, na jibu langu ni KEBS pamoja na Mamlaka ya Ushindani, ambayo kisheria inahusika na bidhaa hatari kwa watumiaji. Tatizo ni kwamba mtengenezaji hutuhesabu kwa magari mapya aliyouza kupitia ajenti wake. Haya mengine yote yanayojaza Mombasa Road kila asubuhi kwake ni magari yaliyopotelea baharini. Ndiyo maana narudi kwenye meli: mahali pekee tunapoweza kumbana ni kabla gari halijatoka kwake. Mtengenezaji, ukitaka soko letu la mitumba liendelee kunyonya magari yako ya zamani, yarekebishe kwanza.

Mwenye yadi, nikuulize moja tu na ujibu kama mfanyabiashara. Utakubali kuambatisha matokeo ya chasi, yaliyochapishwa, kwenye kila mkataba wa mauzo?

Yadi_ya_Ngong_Rd

Nitachapisha kile tovuti imesema siku ya kuuza, na tarehe yake. Kuandika kwamba injini haina shida, hiyo siandiki. Na yadi ya jirani ilazimishwe pia, la sivyo nitakuwa nachapisha karatasi za kumfukuzia mteja kwake.

Dereva_wa_Usiku

Nimeingiza yangu. Imetoka maandishi mekundu ya Kijapani, mistari miwili. Nani anasoma?