Makala moja kila siku, au moja iliyoiva kwa mwezi?

MwanaTanga:
Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Tangu Januari nimejiwekea sharti la kuandika kila siku makala moja juu ya mapishi ya nyumbani kwetu Tanga, na sasa nimefikisha makala 140. Nikizisoma upya, ninazoweza kumsomea mama bila kuona haya hazizidi sita. Mwezi uliopita niliandika kuhusu mkate wa kumimina huku nikisinzia, nikasahau kutaja kwamba mchele hurowekwa usiku kucha kabla ya kusagwa. Msomaji mmoja akafuata maelezo yangu, akaepua kitu kigumu kama kigae. Lakini makala niliyoihangaikia wiki tatu, inayoeleza jinsi bibi alivyokuwa akipalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria, watu bado wananiuliza habari zake. Je, niliache sharti hili, au nitawapoteza wasomaji?

Mhariri Mstaafu:
Mwanangu, gazetini tulikuwa na kurasa za kujazwa, na zilijazwa tukiwa na la kusema au tusiwe nalo. Wewe hakuna anayekudai ukurasa. Ukimaliza kuandika, liweke andiko siku tatu, kisha lisome kwa sauti, nawe utasikia mwenyewe mahali linapokwama. Kwa mapishi nakuongezea jambo moja: ingia jikoni na karatasi yako, upike kwa kufuata yaliyoandikwa tu, bila kujisaidia kwa unayoyajua kichwani. Ile makala ya mkate isahihishe leo, kabla ya kuandika nyingine yoyote.

Binti wa Lamu:
Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimwandikia bintiye utenzi wa beti mia moja na chache mwaka 1858, na mwanzoni kabisa anamwambia atwae wino na karatasi. Wengi wetu tunamjua kwa utenzi huo mmoja, na ungali unasomwa. Sidhani alikuwa akihesabu siku.

Kalamu Nzito:
Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Hizo makala sita zilitoka wapi, kama si katika hizo 140? Mimi nilipoacha kuandika kila siku kwa kisingizio cha kungoja andiko bora, nilikaa miezi minne bila kuandika hata sentensi moja, na niliporudi mkono ulikuwa mzito kweli kweli (jina langu hapa lilianzia huko). Endelea kuandika kila siku, ila uandike daftarini, na uwape wasomaji kile tu ambacho umekipitia mara mbili au tatu. Watakaoondoka kwa sababu hukutoa kitu Jumanne, sina hakika kama walikuwa wakisoma.

MwanaTanga:
Shikamoo mzee wangu Mhariri, na asanteni nyote. Nimeamua daftari liwe la kila siku, na makala ziwe mbili kwa mwezi. Jana usiku niliroweka mchele, na leo asubuhi nimeingia jikoni na karatasi kama nilivyoelekezwa. Kabla hata sijawasha makaa nikagundua kwamba kiasi cha tui nacho sikukiandika popote.