MJADALA: Kituo cha afya king'oe simu ya waya kihamie simu ya intaneti?

Mjumbe wa Muheza
Wakuu, habari za leo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo cha afya huku kwetu. Tuna simu ya mezani ya waya, namba yake inaanza na 027. Imebandikwa ukutani kwenye zahanati zote za jirani, na wakunga wa vijijini wanaijua kwa kichwa. Sasa kaja kijana wa kampuni moja ya Dar na pendekezo: waya ukatwe, tufungiwe simu ya intaneti. Tutapata namba tano badala ya moja, mapokezi, maabara, wodi ya wazazi, kila mtu na chombo chake, na bili itashuka zaidi ya nusu. Wenzangu wamelipenda. Mimi nimegoma kusaini mpaka nisikie hoja. Na swali ni la wote, siyo la kituo chetu tu: ofisi inayopokea simu za dharura ihame? Aliyehama aseme alichokiona.

Kijana wa Kigamboni
Mkuu, saini. Mimi hii ndiyo kazi yangu, nafunga simu hizi maofisini. Simu moja ikiwa hewani inakula kama kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na kurudi, hata kifurushi cha kawaida kinaibeba. Mgonjwa anapiga mapokezi, mapokezi wanamhamishia daktari bila kukata. Daktari akiwa safarini, simu ya ofisini inamfuata kwenye simu yake ya mkononi. Waya unakupa nini? Mwizi akikata mita 200 za shaba usiku, mnakaa wiki mbili mnasubiri fundi. Halafu tuambizane ukweli: simu za waya zilikuwa za wakubwa. Walizifunga kwa kufuli watumishi wa ndani wasiziguse, na leo ni haohao wanaozililia.

Fundi Mstaafu
Nimekula mkate wa simu miaka 31, naomba nisikilizwe. Simu ya waya haichomekwi kwenye soketi ya nyumbani kwako. Umeme wake unatoka kituo cha simu mjini, volti 48, na unakuja kwa waya uleule unaobeba sauti. Pale kituoni tulikuwa na chumba cha betri. Seli zimepangwa safu mbili juu ya mbao, harufu ya asidi inakupokea mlangoni. Kila asubuhi mmoja wetu anapita na kipimo na daftari, anachovya seli moja baada ya nyingine na kuandika. Seli moja ikishuka, tunaitoa siku hiyohiyo. Ndiyo maana mtaa mzima unaweza kuwa giza na simu bado inalia.

Simu ya intaneti inategemea ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti ndani, na ruta inategemea soketi yako. Aprili 2024 gridi ya taifa ilipozimika usiku, kila ruta isiyo na betri ilizimika nayo. Mjumbe, kabla ya bili muulize huyo kijana wa kampuni: umeme ukikatika saa nane usiku, wodi ya wazazi inapigiwa kwa kitu gani?

Binti Chumbageni
Nimesoma hiyo ya kufuli nikashindwa kunyamaza. Kijana wa Kigamboni, baba yangu alikuwa karani wa reli Tanga, hakuwa mkubwa wa mtu yeyote. Simu yetu nyeusi ilikaa juu ya kitambaa cha kufuma, na ndiyo, kufuli dogo la shaba lilikuwa kwenye tundu la namba 1 la kile kiduara cha kuzungushia namba, kisizunguke. Unajua kwa nini? Kwa sababu bili moja ya Dar ingemaliza mshahara. Lakini kupokea hakukuwa na kufuli. Mtaa mzima ulipokelea kwetu. Baba alikuwa anakatiza chakula anakwenda kubisha hodi nyumba ya nne: "Mama Salimu, unaitwa kutoka Nairobi, kimbia." Mtu huyo ndiye unamwita mkubwa?

Kijana wa Kigamboni
Sikumtaja baba yako. Nimesema kwa ujumla.

Binti Chumbageni
Ujumla wako una watu ndani yake.

Mlipakodi
Tuache habari za kufuli, turudi kwenye hoja. Hizi nyaya ni mali ya umma, TTCL, shirika la simu la taifa, imezijenga kwa kodi zetu tangu ilipoanzishwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Huwezi kuziacha zioze kwa sababu kijana kaja na ruta.

Fundi Mstaafu
Mlipakodi, 1977 ni Jumuiya kuvunjika, hapo uko sahihi. Lakini lililofuata lilikuwa Shirika la Posta na Simu. TTCL ilikuja baada ya posta na simu kutenganishwa, ikaanza 1994. Na kama mnataka historia, simu za waya zilikuwa ukiritimba wake kisheria mpaka Februari 2005. Na niongeze, nisije nikaonekana naipinga teknolojia: waya wa shaba unaishia kituoni. Kutoka hapo sauti yako imekuwa ikisafiri kidijitali miaka mingi sasa. Ugomvi wetu wote ni juu ya kile kipande cha mwisho, kutoka kituoni mpaka mezani kwako.

Mtoto wa Barabara ya 12
Binti Chumbageni umenikumbusha mbali. Sisi kufuli halikutuzuia. Ulikuwa unagonga kile kitufe cha kukatia: namba 5 unagonga mara tano harakaharaka, unapumzika kidogo, unaendelea na namba nyingine. Simu inaita hadi Mombasa na kufuli liko palepale.

Mlipakodi
Hadithi za vijiweni. Ingekuwa hivyo kufuli lingekuwa la nini?

Fundi Mstaafu
Siyo hadithi. Kile kiduara kikirudi kinakatakata mkondo wa umeme: namba 5 kinakata mara tano, sifuri mara kumi. Kituo kinahesabu mikato tu, hakijui kama umezungusha au umegonga. Ukikosea mwendo unapata namba ya mtu mwingine, nasi tulipokea malalamiko ya bili ambayo mwenye nyumba aliapa hakupiga.

Mlipakodi
Basi ulikuwa wizi. Mtoto wa Barabara ya 12, uliiba bili ya nani?

Mtoto wa Barabara ya 12
Ya mjomba wangu, na alinichapa. Umefurahi? Nilikuwa na miaka kumi na mbili na mama yangu alikuwa amelazwa Mombasa.

Baharia Dubai
Wakuu, mimi niko Dubai. Hapa kupiga kwa WhatsApp kumezuiwa miaka yote niliyokaa. Ujumbe unaandika, sauti haipiti, mpaka utumie programu zilizoruhusiwa. Ninachosema ni kwamba simu ya intaneti ina mtu anayeweza kuibana juu ya kichwa chako. Msisahau Oktoba 2025, siku ya uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Mjumbe, hiyo simu yenu mpya ingelia siku zile?

Kijana wa Kigamboni
Isingelia, nakubali. Lakini msinichanganyie mambo. Mei 2024 kebo za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, kila mtu alisema simu za intaneti hazifai. Wateja wangu ambao mtambo wao wa kuunganisha simu uko Dar waliendelea kupigiana, kwa sababu sauti ya Muheza kwenda Tanga haina haja ya kupita baharini. Walioumia ni wale ambao mtambo wao uko Ulaya. Hilo ni swali la kuuliza kabla ya kusaini, siyo sababu ya kukimbia.

Fundi Mstaafu
Hapo kijana kasema kweli tupu. Nasaini chini yake.

Nesi Leicester
Natoka kazini sasa hivi nimekuta mjadala huu, na unanigusa. Mimi nahudumia wazee majumbani, Uingereza. Huku wanazima mtandao wote wa simu za shaba. Tarehe ya mwisho ilikuwa Desemba 2025, wameisogeza hadi Januari 2027, na kilichosogeza ni wazee wangu. Wengi wana kitufe shingoni: akianguka anabonyeza, kifaa kinapiga simu kwa waya, msaada unakuja. Walipoanza kuhamishiwa kwenye intaneti, vifaa vingine viligoma kimyakimya. Hakuna taa wala mlio, mtu anadhani yuko salama. Desemba 2023 ikabidi kampuni za simu zikubali kusimamisha kuwahamisha watu kwa lazima.

Nina bibi mmoja wa miaka 88. Kila Jumatatu nikifika, kabla ya chai, nambonyezea kitufe chake mpaka nisikie sauti ya mtu upande wa pili. Siamini taa ya kijani. Na sheria ya huku inataka kampuni impe anayetegemea simu ya mezani njia ya kupiga dharura kwa saa moja angalau umeme ukikatika. Saa moja! Nilimsimulia dada yangu wa Korogwe, akaniuliza, "Saa moja ndiyo nini?"

Mlipakodi
Dada, huko ni Ulaya, kila nyumba ina simu. Hapa tatizo siyo waya wala intaneti. Tatizo ni simu inaita haipokelewi. Piga ofisi yoyote ya serikali saa saba mchana. Utawekewa namba tano, zote tano ziite bila mtu.

Binti Chumbageni
Hili Mlipakodi nakuunga mkono. Mwaka juzi nilipiga mahali fulani pa kutoa huduma, sitapataja, nikiwa na mtoto anayetapika. Ikaita mpaka ikakata, mara nne. Mara ya tano sauti ya mashine ikaniambia nibonyeze 1 kwa Kiswahili. Nikabonyeza. Ikaita tena mpaka ikakata. Nilikuwa na bodaboda nje ananisubiri nimwambie tunaelekea wapi.

Kijana wa Kigamboni
Pole dada. Mfumo ukifungwa vizuri, simu isiyopokelewa mapokezi kwa sekunde 20 inaruka kwenda kwa nesi wa zamu. Aliyewafungia hakumaliza kazi.

Binti Chumbageni
Asante. Lakini ya kufuli hujaifuta.

Kijana wa Kigamboni
Sitaifuta, na nitakuambia kwa nini. Mama yangu alifanya kazi za ndani Oysterbay miaka tisa. Simu ilikuwa sebuleni, na kufuli. Yeye ndiye aliyeifuta vumbi kila asubuhi. Babu alipougua Songea, watu walikwenda posta wakapiga nyumba ile. Mwenye nyumba akapokea, akasema atamwambia. Alimwambia Jumamosi, siku ya mapumziko, ili kazi za wiki zisikwame. Babu alikuwa amezikwa Alhamisi. Kwa hiyo unaposema kupokea hakukuwa na kufuli, ni kwenu. Mimi nafunga simu hizi kwa sababu mpishi, mlinzi na daktari kila mmoja anapata namba yake, haombi kwa mtu.

Binti Chumbageni
Pole sana kaka. Mungu amrehemu babu. Kama mama yupo, mpe shikamoo yangu.

Kijana wa Kigamboni
Yupo. Marahaba itafika.

Mtoto wa Barabara ya 12
Kwetu aliyesaidia kazi alikuwa Zuhura. Ndiye aliyenifundisha kugonga.

Mjumbe wa Muheza
Wakuu nimesoma yote, nawashukuru. Nimempigia yule kijana wa kampuni nikamuuliza mambo mawili. Mtambo uko wapi? Akasema Dar. Betri je? Akasema "hiyo ni juu ya mteja." Fundi, nimeangalia ruta aliyotuachia ya mfano. Nyuma imeandikwa volti 12, ampea 1. Tunahitaji betri gani?

Fundi Mstaafu
Kuna na adapta ya simu, kile kiboksi kinachounganisha simu ya mezani na ruta, usiisahau. Tuseme vyote viwili vinakula wati 17. Zile betri ndogo wanazouza madukani, volti 12 ampea-saa 7, kwa karatasi ni wati-saa 84. Ukigawanya kwa 17 unapata saa tano kasoro, wewe hesabu nne. Hiyo ni ikiwa mpya. Ikikaa miaka mitatu na joto letu, hesabu mbili.

Mjumbe wa Muheza
Transfoma ikiungua huku tunakaa siku tatu.

Fundi Mstaafu
Basi betri ya sola, ampea-saa 100, na paneli yake. Isitumike kwa taa, isitumike kuchajia simu za watu, na boksi lake lifungwe. Na waya msiukate mwaka wa kwanza. Acheni ile 027 iendelee kulia wodi ya wazazi mpaka muone masika moja yamepita.

Mlipakodi
Mtalipa bili mbili?

Mjumbe wa Muheza
Ya waya tukiacha kuipigia itabaki ndogo, itakuwa ya kupokea tu. Hilo nitalitetea kikaoni. Linalonisumbua ni jingine. Chumba cha betri cha Fundi kilikuwa na mtu na daftari kila asubuhi. Hapa kwetu mhudumu wa usafi ndiye anayefika kwanza, saa kumi na mbili kasorobo. Nikimwambia kila siku anyanyue simu ya wodi ampigie mlinzi getini, asikie sauti, aandike, je, atalipwa kwa kazi hiyo kwa fungu gani? Mwenye uzoefu wa bajeti za vituo anisaidie, kikao ni Alhamisi.

Nesi Leicester
Mwandikie na jina lake kwenye daftari, siyo tiki tu. Fungu silijui, ila kwa jina atakuwa na cha kudai.