Kisu cha kukunja cha kila siku: naomba ushauri

Kutoka: Coventry

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za baridi. Nimeanza kazi ghalani, kutwa ni kukata kamba na maboksi. Natafuta kisu imara cha kukunja, kikae mfukoni, na siku ya dharura (gari limepinduka, mkanda umekwama) kinifae. Binamu yangu aliye Texas ananishauri ninunue cha inchi 4, kile ambacho bapa lake hujifunga imara kikishafunguliwa, lisije likakunjika likanikata vidole. Pauni 60 ninazo. Nikichukue?

Kutoka: Leicester

Marahaba mdogo wangu. Usikichukue. Kwa vidole binamu yako kasema kweli, ila yeye yuko Texas na wewe uko Coventry.

Hapa England na Wales, sheria ya 1988 inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja bila kudaiwa sababu ikiwa makali hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kisu hakijifungi. Kikiwa na kitufe au pete inayokizuia kisikunjike, mahakama inakihesabu sawa na kisu kisichokunjika kabisa, hata kiwe na inchi 2. Kukiweka kwenye gari hakukuokoi, ukiwa barabarani bado umekibeba hadharani. Kifungo kinafika miaka 4. Na askari akikuuliza cha nini, ole wako ujibu "cha kujilinda": hapo hata kile kidogo cha halali umekigeuza silaha kwa mdomo wako mwenyewe.

Kazini una sababu, sokoni Jumamosi huna, na "nilikisahau kwenye koti" peke yake si utetezi. Kwa hiyo kisu cha maboksi kiache kazini kwenye kabati.

Cha mfukoni, mimi nina Victorinox, kile kisu cha Uswisi, ya milimita 91 (huo ni urefu kikiwa kimekunjwa, si wa makali), mwaka wa kumi na kitu huu. Jihadhari na zile za milimita 111, nyingi zinajifunga. Opinel, vile visu vya Kifaransa vya mpini wa mbao, ni nzuri na bei yake si mbaya, lakini kuanzia namba 6 zina pete ya kufungia. Leatherman nazo, zile koleo zenye kisu ndani, nyingi bapa lake linajifunga. Dukani kifungue, shika bapa ulitikise kushoto na kulia, likicheza, kirudishe. Halafu kikunje: kikikunjika kwa kusukuma tu, bila kubonyeza kitu, hicho ndicho.

Kwa kuwa kinashikwa na springi tu, usichome nacho wala kutoboa, kitakufungia vidole. Kata kwa kuvuta. Kinoe kwa kinoo, kama digrii 20 kila upande, na ukishamenya chungwa kifute. Tone la mafuta kwenye kiungo linatosha.

Kutoka: Sheffield

Mwanangu, mimi ni nesi. Mtu amenaswa kwenye mkanda, gari limelala ubavu, wewe unamwingizia ncha ya kisu karibu na shingo? Nunua kikata mkanda, kile ambacho makali yamefichwa ndani ya plastiki, kina na kinyundo cha kuvunjia kioo. Kiweke mahali dereva anapofikia akiwa amefungwa mkanda, si kwenye buti. Piga kioo cha ubavuni, pembeni; cha mbele kina utando katikati, utakipiga hadi uchoke.

Kutoka: Hamburg

Wa Ujerumani msije mkamfuata mzee wa Leicester mkajisahau. Huku tangu mwisho wa Oktoba 2024, kwenye treni za masafa marefu hata hicho kidogo hakitakiwi mfukoni.

Kutoka: Coventry

Ahsanteni sana. Binamu nimemjibu, kanicheka. Nimeagiza kikata mkanda, na kesho naenda kuchukua ile ya milimita 91. Mwezi wa nane naenda Dar, nayo naiweka kwenye begi la kupakiwa, sivyo?

Kutoka: Leicester

Ndivyo, begi la mkononi wataichukua. Na chukua nyekundu. Nyeusi niliiangusha kwenye majani, nikaipata baada ya siku mbili.