Bima imeidhinisha kila kitu, daktari wa usingizi anataka keshi mtoto akiwa tayari kwenye machela

Wadau, nimekaa na jambo hili wiki mbili nikidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Kijana wangu ana miaka sita. Tangu mwaka jana alikuwa akikoroma usiku kama mtu mzima, anaamka kinywa wazi na midomo imekauka. Daktari wa pua na koo akasema mafindofindo na zile nyama za nyuma ya pua zimevimba, zitolewe. Tukaomba idhini kwa bima ya kazini, ikatoka siku ya nne: kitanda, chumba cha upasuaji, mpasuaji, daktari wa usingizi (yule anayemlaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji), dawa. Niliisoma barua ile mstari kwa mstari kwa sababu nawajua watu wa bima. Na pale mapokezi, hospitali yenyewe iko hapa Upper Hill, Nairobi, pana bango kubwa kama mlango lenye majina ya kampuni za bima wanazopokea. Yetu imo.

Siku yenyewe tulifika alfajiri, saa kumi na moja. Mtoto hajatia kitu kinywani tangu usiku. Wamemvalisha gauni la kijani linalomfika hadi kwenye vidole vya miguu, amekaa kwenye machela, kila dakika anauliza chai yake iko wapi. Saa moja kasoro, sista akanivuta pembeni kwenye korido.

"Baba, daktari wa usingizi hachukui bima. Ni elfu thelathini na tano, keshi au M-Pesa."

Nikampa barua ya idhini. Hakuitazama hata. Akanipa kipande cha plasta nyeupe, ile ya kushikilia sindano ya dripu, juu yake pameandikwa namba ya simu kwa kalamu ya wino. Si paybill ya hospitali, si till. Namba ya simu ya mtu binafsi. Nikauliza risiti, nikaambiwa italetwa. Nikaomba kuongea na daktari mwenyewe, nikaambiwa yuko ndani anajiandaa.

Niambieni, ni mzazi gani atasimama pale abishane? Ukikataa, mtoto anavuliwa gauni, anarudi nyumbani na njaa yake na koo lake, na idhini ya bima unaanza kuiomba upya. Wanalijua hilo. Ndiyo maana hakuna aliyenitajia keshi kwenye kliniki wiki tatu nyuma, wala siku ya kupimwa damu, wala jioni ile waliponipigia simu kunikumbusha mtoto asile. Nilikuwa na 12,000 kwenye simu. Shemeji akatuma 8,000. Zile 15,000 zilizobaki nikakopa kwenye sacco kwa simu, nimeegemea ukuta wa korido, mtoto ananiangalia.

Nawaelewa madaktari, na sisemi hivyo kuwafurahisha. Kampuni za bima zinakaa na pesa zao miezi, kisha zinakata ada na kulipa nusu. Huko serikalini ndiko kubaya zaidi. NHIF, bima ya afya ya serikali, ilipofungwa Oktoba 2024 na SHA ikaingia mahali pake, hospitali zilibaki zikidai mabilioni. Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi, RUPHA, kikawaambia wanachama wake wasimamishe huduma za SHA kwa sababu ya madeni hayo, na wagonjwa wakaanza kuambiwa walete keshi. Mwezi uliofuata Rais Ruto akatangaza kwamba wanaodai NHIF milioni 10 kushuka chini watalipwa, na wenye madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza. Kwa hiyo deni ni la kweli. Lakini si langu! Mimi nimelipa. Bima na daktari wakikosana, anayeshikwa rehani ni mtoto aliye kwenye machela.

Na tunalipa hasa. Mwenye mshahara wa 80,000 NHIF ilikuwa inamkata 1,500 kwa mwezi. Sasa SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani 2,200, na haina kikomo huko juu. Juu ya hiyo kuna bima ya kazini, ambayo mwajiri akiilipia anaihesabu kuwa sehemu ya ujira wako. Ukifika hospitalini unalipa mara ya tatu, kwa namba iliyoandikwa kwenye plasta.

Kuna atakayesema daktari wa binafsi ana uhuru wa kuchagua anavyolipwa. Sawa, achague. Aseme basi siku ya kwanza, kwa maandishi, na kiasi chake, ili nijue kama nitatafuta mwingine. Na ile hospitali iliyobandika jina la bima yangu ukutani isinipe daktari asiyeipokea bila kuniambia. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ya kijana wangu haikuwa dharura, ilikuwa imepangwa, kwa hiyo kifungu hicho hakinifai. Lakini nawawazia akina mama wanaokimbizwa kupasuliwa usiku wa manane. Kipande cha plasta kama kile mume anapewa saa ngapi?

Bima nimewaandikia. Wamejibu kwamba watanirudishia nikileta risiti. Hospitali wanasema pesa haikupita kwao, kwa hiyo risiti hawawezi kutoa. Ile namba haipokelewi. Wiki hii napeleka malalamiko kwa baraza la madaktari, KMPDC, nikiambatanisha ujumbe wa M-Pesa, barua ya idhini na picha ya plasta. Plasta yenyewe ninayo, nimeibandika ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto.

Kijana amepona, analala kimya, na mara mbili nimeamka usiku kuhakikisha anapumua. Mpasuaji alifanya kazi nzuri na nilimshukuru kwa mikono miwili.

Kama nawe umewahi kupewa namba ya simu mlangoni mwa upasuaji, andika hapa ilikuwa shilingi ngapi na kama ulipata risiti. Jina la daktari usiweke. Nataka nipeleke KMPDC barua yenye visa vingi, wasije wakasema ni mzazi mmoja mwenye uchungu.