Nondo za mili 12 zinaonekana nyembamba, nitajuaje kama nimepigwa?

Mjenzi Kibaha
Wakuu habari zenu. Najenga ghorofa moja huku Kibaha, nguzo za chini zinasukwa ila zege bado. Nondo za mili 12, yaani unene wa milimita 12, nimechukua duka la vifaa vya ujenzi la hapa hapa, sasa fundi ananiambia bosi hizi mbona nyepesi, akishika na zile zilizobaki za msingi tofauti anaiona kabisa. Nimerudi dukani jamaa anang'ang'ania kwamba ndio mili 12 za siku hizi zilivyo. Kweli kuna mili 12 aina mbili? Na napimaje maana kwa macho siwezi kubishana na mtu. Naombeni msaada, familia yangu ndio italala humo.

Saiti Kila Siku
Mkuu hakuna mili 12 aina mbili, usikubali. Nondo usipime unene kwa rula, zile mbavu zake zitakudanganya, pima uzito. Chukua mili zidisha kwa mili yenyewe halafu gawa kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Kwa hiyo 12 mara 12 ni 144, gawa 162 unapata kama 0.89, yaani mita moja gramu 890 hivi na nondo nzima ya mita 12 inakaribia kilo 10.7. Mili 10 mita moja ni gramu 617 tu. Kata kipande cha mita moja kamili, peleka buchani wakupimie. Kupungua kidogo sana kunaruhusiwa ila ikipungua gramu mia na kitu hiyo sio mili 12. Na usione mili mbili ndogo, ukipewa 10 badala ya 12 umepoteza karibu theluthi ya chuma chote, na hesabu za mhandisi zote zilikuwa za 12.

mama Tofali
Hata urefu kaka, vuta futi kamba, kuna nondo hazifiki mita 12 na bei unalipa ya nzima. Mimi hasira zangu ziko kwenye tofali, mtu anatoa tofali 50 na zaidi za nchi 6 kwenye mfuko mmoja wa simenti halafu hamwagilii, zinakauka juani siku mbili zinapakiwa kwenye gari. Ukizishusha kona zinamong'onyoka mkononi. Tunauziwa mchanga.

Mjengo254
Pole sana ndugu yangu, hata huku Kenya ni hivyo hivyo. Ile nyumba ya Huruma, Nairobi, ilianguka Aprili 2016 watu zaidi ya 40 wakafa, na hao walikuwa wapangaji tu, hawakununua chuma wala simenti. Hii ndio inaniuma, anayebana pesa siye anayelala ndani.

Mjenzi Kibaha
Nimerudi wakuu. Buchani imesoma gramu 720, nimekata kingine kutoka nondo nyingine nacho hapo hapo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo na imeandikwa mm 12.

Saiti Kila Siku
720 hiyo haifiki hata mili 11. Risiti ikiwa imeandikwa hivyo umeshika pazuri mkuu. Tunza vipande, piga picha mzani ukiwa unasoma, piga na chapa ya kiwanda kama ipo kwenye chuma, rudi dukani na fundi wako wabadilishe zote. Wakigoma peleka malalamiko TBS, lile shirika la viwango, wana ofisi za kanda, wala usiogope kwamba wewe ni mnunuzi mdogo. Dar Machi 2013 ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi watu 36 wakafa, mambo haya sio ya kuoneana aibu. Nguzo zilizosukwa fungueni zote kabla zege halijamwagwa, waya wa kufungia na siku mbili za fundi ni hela ndogo.

Mjenzi Kibaha
Fundi ameshaanza kufungua. Kesho asubuhi niko dukani.

mama Tofali
Nenda na mzani kaka, wapimie mbele ya wateja wengine.