Fayawoli haitoki nje baada ya kubadilisha kampuni ya intaneti (Lubumbashi)

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za huko.

Nimehamia kampuni mpya ya intaneti hapa Makomeno. Fundi wao alikuja, akafunga modemu, akaijaribu kwa kompyuta yake, intaneti ikafunguka, akaaga. Nikichomeka fayawoli yangu (kifaa kinacholinda mtandao wa nyumbani), ndani vifaa vyote vinaonana lakini nje hakuna kitu. Watoto wana masomo ya jioni na mwalimu aliyeko Dar es Salaam, na nimekaribia kuiondoa fayawoli nichomeke waya kwenye modemu moja kwa moja. Nisaidieni kabla sijafanya hivyo.

---

Marahaba dada. Tafadhali usiiondoe. Wengi wetu huku tunaishia hapo hapo: waya unahamishiwa kwenye modemu "kwa leo tu", kisha miezi inapita nyumba nzima ikitegemea kifaa ambacho nenosiri lake limebandikwa chini yake, kila mgeni analiona. Vizuizi ulivyoweka kwa ajili ya simu za watoto vinabaki kwenye kifaa kilichozimwa.

Tatizo lako liko upande mmoja tu, ule wa WAN, yaani unaotoka nje kwenda kwa kampuni. Fayawoli bado inapiga hodi kwa kampuni ya zamani. Ingia kwenye ukurasa wake, pakua nakala ya mipangilio yote uiweke kwenye kompyuta, ndipo uanze kugusa.

Kisha uliza kampuni: laini inatoa anwani kwa njia gani? DHCP (kifaa kinapewa anwani chenyewe), PPPoE (unaingia kwa jina na nenosiri), au IP ya kudumu (anwani isiyobadilika unayoiandika mwenyewe)? Kwa namna ulivyoeleza, nadhani ni DHCP, maana fundi alichomeka kompyuta na ikafunguka bila kuandika chochote. Na hapo hapo ndipo ninapohisi kuna kikwazo. Modemu nyingi hukumbuka anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) ya kifaa cha kwanza kilichochomekwa, na kwako cha kwanza kilikuwa kompyuta ya fundi. Weka WAN kwenye DHCP, zima modemu kwa dakika kadhaa, chomeka fayawoli, washa modemu mpaka taa zitulie, ndipo uwashe fayawoli. Ikikataa, wapigie waifute ile MAC ya fundi kwao.

WAN ikipata anwani lakini kurasa hazifunguki, piga ping (ujumbe mfupi wa kupima kama njia iko wazi) kwenda 8.8.8.8 kutoka kwenye fayawoli yenyewe. Namba ikijibu na majina yakigoma, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kampuni nyingi hujibu maswali ya DNS ya wateja wao tu, na wewe si mteja wao tena. Futa zile za zamani, weka 1.1.1.1 au 9.9.9.9.

LAN, yaani upande wa ndani, usiiguse, isipokuwa modemu mpya nayo inagawa anwani za 192.168.1 na nyumbani kwako ni 192.168.1 vilevile. Hapo fayawoli haitajua ipi ni ndani na ipi ni nje. Hamisha ya ndani iwe 192.168.50, au waombe waiweke modemu kwenye hali ya daraja, ipitishe tu intaneti bila kugawa anwani.

Wakikuambia ni PPPoE, utahitaji jina na nenosiri, na MTU (ukubwa wa juu wa kifurushi kimoja cha data) iwe 1492, kwa sababu PPPoE inachukua baiti 8 kati ya 1500. Ukiiacha 1500, baadhi ya kurasa zitafunguka na nyingine zitaning'inia, utahangaika bure.

IP ya kudumu huja kwenye karatasi ya Kifaransa. Mstari wa "passerelle" ndio lango, anwani ya upande wa kampuni ambayo fayawoli inatokea. Maski (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao) ikiwa 255.255.255.252, anwani zinazotumika ni mbili tu, moja yao na moja yako. Usizibadilishane.

Halafu SNEL, kampuni ya umeme, wakikata na kurudisha umeme, vifaa vyote vinawaka kwa pamoja. Fayawoli ikitangulia modemu inaweza kukosa anwani. Iambie iombe upya.

---

Naongezea kwa wenye kamera wanayotaka kuiona wakiwa nje. Ukiona anwani ya WAN inaanzia 100.64 hadi 100.127, kampuni inawachanganya wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Kufungua mlango (port) kwenye fayawoli hakutasaidia. Omba IP ya umma, huwa inalipiwa, au tumia VPN (njia iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti) inayoanzia nyumbani kwenda nje, kwa mfano WireGuard, mradi upande wa pili uwe na anwani ya umma.

— Bel-Air

---

Kaka zangu, asanteni sana. Ilikuwa DHCP kweli. Baada ya kuzima modemu WAN ilipata anwani, lakini majina hayakufunguka mpaka nilipofuta DNS za kampuni ya zamani. Watoto wako darasani sasa hivi. Anwani yangu inaanza na 100.72, kwa hiyo kamera ya duka bado siioni nikiwa nje. Kesho naenda ofisini kwao kuuliza bei ya IP ya umma, nitawaandikia wakinijibu.