Wauza vitenge wa Instagram, hivi kuandika bei ni dhambi?

Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja, maana imenifika hapa kooni.

Dada yangu anaolewa, kamati imenipa kazi ya kutafuta sare, basi nikafuata kurasa kibao za vitenge. Picha kali, mdada kapendeza, unashuka kwenye maelezo: "Mzigo mpya umeingia mamii 🔥🔥 bei njoo DM." Kwisha. Hujui ni pamba au polista, hujui pisi ni yadi sita kamili au imepunjwa. Duka liko Kariakoo au Mwanza? Mungu ndiye ajuaye. Kwenye komenti watu wamejipanga "bei?" "bei?" "bei jamani?" na kila mmoja anajibiwa "nimekujibu DM mpenzi". Si ungeandika mara moja tu pale juu ukapumzika!

Instagram inakupa herufi 2,200 za maelezo. Elfu mbili na ushee! Kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi anaona mstari mmoja au miwili, na hapo ndipo bei ingekaa. Wao wanapajaza vimoto na maua.

Eti wanaogopa washindani. Mshindani si anaingia DM kama mteja, anatajiwa bei, anaondoka zake? Semeni ukweli: wengine mnataka kwanza mchungulie picha zangu muone nina hali gani, ndipo mpange bei.

Machinga wa Mtaa wa Kongo hajasomea masoko ya mtandaoni popote, lakini kipaza sauti chake kinaanza na bei: "Buku tano, buku tano, chagua!" Unajua kabla hujafika kama hela yako inatosha.

Halafu siku mzigo haupo: "Jumatatu njema, andika AMINA upokee." Hata kule Facebook walitangaza tangu Desemba 2017 kwamba posti za kuombaomba laiki na komenti watazishusha, zionwe na wachache. Mpaka leo mnaomba tu, kisha mnalia mmebaniwa. Jumatatu njema mama yangu ananitumia WhatsApp kila wiki. Wewe loweka kitenge kwenye beseni, rekodi, nione kama kinachuja. Hiyo nitaitazama mpaka mwisho na kamati nitaitumia.

Anayejua ukurasa unaoandika bei hadharani autaje hapa chini. Hela tumeshachanga.